Alama Saba Nilizozifuta

Pasiansi, Mwanza
Jioni ya kuamkia safari yako

Koku mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa nimekusikia sasa hivi ukicheka na mama yako mlangoni mkienda kwa shangazi yako kuaga. Wala sikuelezi hali yangu, kwa sababu barua hii yote ndiyo hali yangu. Mmeniachia nyumba na saa mbili hivi za upweke, na mimi niliyeandika makaratasi mengi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, leo ninaogopa karatasi.

Mambo ya njiani mama yako ameyamaliza. Amekwisha kukuambia vyeti vikae wapi, dirisha la behewa lifungwe wakati gani, na chai ya stesheni ipi usithubutu kuinywa. Ninamwachia hayo. Nina jambo moja tu, nalo sharti ulisome kabla ya treni ya kesho jioni.

Ni mimi niliyefuta alama zako. Fundi Masanja hakufuta hata moja.

Nimeitanguliza sentensi hiyo makusudi, kwa maana ninajijua. Ningeiacha ije mwishoni, ningeijengea njia ndefu ya hoja na historia, nikaipamba pande zote mbili, hata ungeifikia ukiwa umekwisha kunihurumia. Hiyo ndiyo kazi niliyoizoea tangu chuo kikuu: kuwafikisha watu mahali bila wao kuona barabara. Sasa kosa unalo mkononi. Yanayofuata si utetezi. Nataka tu ujue lilikozaliwa, maana ni mtoto wa wivu, na wivu ule una umri mkubwa kuliko wako.

Unalijua lile gari kwa jina la Mke Mdogo, lakini hujawahi kuuliza nani alilibatiza. Ni bibi yako. Babu yako alilinunua Kagera katika miaka ambayo kahawa ilikuwa kahawa: gari dogo jeusi la Kiingereza, lenye mgongo wa duara na taa mbili zilizotokeza kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Kila asubuhi, kabla hajaonja kitu, Taata, ndivyo tulivyomwita baba, alikwenda kulifuta umande kwa kitambaa laini ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa. Tulijipanga tukamwamkia, "Shikamoo, Taata," naye akaitika, "Marahaba," uso wake ukiwa kwenye bodi, akijitazama mle. Bibi yako akichungulia mlangoni alikuwa akisema, "Mawingu yamekusanyika. Nenda ukamfunike mke mdogo." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitamani niwe gari.

Kisha nikaenda chuo kikuu, na huko nikapata jina zuri la kuupa ule wivu. Niliuita msimamo.

Huwezi kunijua nilivyokuwa, Koku. Nilisimama juu ya meza za bwalo. Nilifungua kila sentensi kwa "Ndugu zangu!" na kuifunga kwa ngumi. Niliwalaani mabepari, makabaila, vibaraka, na yeyote aliyekula kuku siku isiyo ya sikukuu. Azimio lilipotangazwa tulitembea kwa miguu kuliunga mkono hadi soli zikaachana na viatu, na niliporudi likizo nilikuwa moto mtupu. Taata alikuja kunipokea bandarini Bukoba na Mke Mdogo wake aliyeng'arishwa. Nikakataa kupanda.

"Taata, siwezi kupanda juu ya mabega ya wakulima," nilimwambia mbele ya wachukuzi.

"Mkulima ni mimi," akajibu. "Na mabega ni haya yangu. Panda."

Sikupanda. Nilitembea maili sita, naye akaendesha kando yangu mwendo wa mguu, sanduku langu likiwa limekaa kiti cha mbele kama mheshimiwa. Wanawake waliokuwa migombani walitoka kutazama. Mmoja akauliza, "Mwana wa watu amefanya nini hata anasindikizwa hivi?" Taata aliendelea kushika klachi nusu na kuiachia nusu, maili zote sita, ili asinipite. Tulipofika nyumbani harufu ya kuungua ilijaa uwanja mzima. Ile klachi haikupona tena, na baada yake vikafuata vingine, na vipuri havikupatikana. Kwa hiyo ukitaka kujua gari lilikufa lini, lilikufa siku ile, likinisubiri.

Taata hakunilaumu hata mara moja. Alipofariki ndugu zangu wakasema, "Mpeni yeye, ndiye aliyelichukia kuliko wote, labda atalitunza." Likavuka ziwa juu ya sitaha ya meli, limefungwa kwa majani makavu ya migomba na kamba, likawekwa hapa Pasiansi juu ya mawe. Kuku wakaligeuza nyumba. Mimi kila wiki niliondoka kwenda vijiji vya Magu kufundisha elimu ya watu wazima, nikawahubiria wakulima kujitegemea hadi sauti ikakauka, nikarudi, nikapita kando ya kuku na gari la baba yangu, nikaingia ndani kula.

Hapo ndipo ulipomleta Masanja. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amekuja kutengeneza pampu ya jirani, nawe ukamvuta hadi uani kwetu ukimshika mkono wa shati, mkono wenyewe ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko.

"Baba, huyu ni Fundi Masanja wa Mirongo. Anasema gari halijafa."

"Habari za hapa, Mwalimu," akasema. Aliinama akatazama chini yake, akaligonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Halijafa hili. Limenuna."

Ulicheka, mwanangu. Nilikuwa nimeishi nawe miaka kumi na minne na sikuwahi kukuchekesha kwa neno moja.

Likizo zako zote za miaka minne ziliishia Mirongo, katika karakana yake. Sikukukataza, ningekatazaje? Nilikuwa nimekwisha kuhutubia mikutano mingi kuhusu usawa wa mtoto wa kike mbele ya mashine. Nilikaa mezani nikasikiliza. "Fundi amesema chuma kikilia ni njaa ya mafuta." "Fundi amesema nisikaze nati kwa hasira." "Fundi amesema bushi ya dukani ikija leo kutoka Ulaya, hii yetu itaizika." Fundi amesema, fundi amesema! Nami nilipofungua kinywa kukueleza maana pana ya kazi mliyokuwa mkiifanya, uhusiano wake na uchumi tegemezi na mgawanyo wa kazi duniani, ulinisikiliza kwa ile heshima ambayo watu huipa redio.

Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa, hilo nakiri. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia sabuni, seuze bushi za gari ambalo kiwanda chake kimelisahau. Masanja alinunua rafadha ya boti iliyozama karibu na bandari, akaiyeyusha, nanyi mkazaa bushi za shaba humo. Mfuniko wa pampu ya maji mliuchonga. Kikono cha klachi, klachi ileile, mlikifua upya kwa springi ya lori. Kila kilichotoka mkononi mwake Masanja alikipiga patasi, mikato mitatu mifupi, kwa sababu ukoo wao ndivyo ulivyokata masikio ya ng'ombe wao. Ukaniambia ile sheria ya karakana: mwanafunzi haweki alama yake mpaka kitu alichokitengeneza kikae masika nzima bila kushindwa. Ulingoja masika mbili, maana ya kwanza mfuniko wako ulivuja. Ya pili haukuvuja. Siku ile alikupa patasi yenye ncha, nawe ukapiga nukta yako ya kwanza pembeni ya mikato yake mitatu. Mkanywa chai kwa maandazi palepale juu ya benchi.

Ulirudi nyumbani mbio kunieleza. Nilikuwa nikiandaa hotuba. Nikasema, "Vizuri sana," nikakuomba usinivuruge.

Baadaye, ulipokuwa shuleni, nilikwenda kutazama. Niliinua boneti peke yangu. Nikaziona: mikato mitatu na nukta, mikato mitatu na nukta, mahali saba. Ninyi wawili mmesimama pamoja juu ya chuma kama watu waliopigwa picha studio. Gari la baba yangu, binti yangu, na katika chuma chote kile hapakuwa na mkwaruzo wangu mmoja.

Ulipochaguliwa chuo cha ufundi Dar es Salaam niliamua kuliuza gari kwa ajili ya safari na masomo yako. Wewe mwenyewe ulikubali. Ulisema gari linalotembea halifai kuwekewa kuku. Akajitokeza yule bwana wa Kizungu wa mradi wa maji, aliyekuwa akipenda magari ya zamani. Aliniuliza swali moja tu ofisini: "Je, ni lenyewe? Vipuri vyake ni vile vya kiwandani?" Nikamjibu kwamba vingi ni vyake. Akasema atakuja Jumamosi kuona.

Gari likarudi Alhamisi kutoka Mirongo, limekaguliwa kwa mara ya mwisho. Ijumaa mchana wewe ulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na mama yako kwenye foleni ya sabuni. Nilifungua kisanduku cha vifaa ulichokiacha ndani ya buti, nikatoa tupa yako ndogo, nikainua boneti.

Nilijiambia ni kwa ajili ya mnunuzi. Sikiliza basi ushahidi dhidi yangu, maana nilikuwa mwendesha mashtaka mzuri wa watu wengine. Chini ya boneti ile kulikuwa na vyuma vingi vyenye mikato mitatu peke yake, vya kabla hujapewa nukta. Kama ningekuwa namficha mnunuzi, ningeanza na hivyo. Sikukigusa hata kimoja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye zile sehemu saba mliposimama pamoja, nikazikwangua nukta zako moja baada ya nyingine hadi jasho likaingia machoni. Mnunuzi sikumkumbuka hata mara moja.

Jumamosi unaikumbuka. Yule bwana alikuja na tochi mchana kweupe. Akaona mikato mitatu, akatikisa kichwa. Akaona palipokwanguliwa. Akagusa kwa kidole.

"Hapa kumefutwa kitu," akasema. "Kwa nini mtu afute namba kwenye kipuri?"

"Si namba," ukasema. "Ni alama yangu ilikuwa hapo." Kisha ukainama mwenyewe, ukatazama cha pili, na cha tatu. Niliuona uso wako ukibadilika kidogo kidogo. Alama za fundi zipo. Alama zako zote hazipo. Hukunitazama mimi, Koku. Hata hukufikiria kunitazama. Uligeuka ukatazama upande wa Mirongo.

Tangu siku ile hukurudi kule. Ulimweleza mama yako nikisikia: "Alionea haya kazi ya msichana mbele ya Mzungu." Nami nilikuwa kwenye kiti kilekile ninachoandikia sasa, na ufunguo wa maumivu yako ulikuwa mfukoni mwangu.

Lakini wivu hauridhiki na unachoomba. Yule bwana alikwenda akaeleza alichokiona. Bohari ya mradi wake ilikuwa imepotelewa na vyuma, na zile zilikuwa siku za msako wa wahujumu, mtu alikuwa akitiliwa shaka hata kwa kuwa na ndoo mbili. Jumatatu polisi wakaufungua mfuniko wa pampu uende kituoni kama ushahidi, wakamchukua na Masanja. Alilala ndani usiku wa kwanza. Akalala wa pili. Na mimi nilikuwa nikihesabu, si saa zake, bali maneno: ningeyasema maneno gani yamtoe bila kunitaja?

Nikayapata. Ndiyo aibu kubwa kuliko zote, kwamba nikayapata, na yalikuwa mazuri. Uliniomba twende wote kituoni, ukasimama mlangoni. Nilisema, "Ndugu zangu! Tumezunguka nchi nzima tukiwaambia watu watengeneze wenyewe. Mtu mmoja Mirongo ametusikia. Mtu mmoja tu! Ameyeyusha chuma cha ziwani akalifanya gari litembee, nanyi mmemfungia kwa sababu hamkuamini kwamba tulikuwa tunasema kweli?" Yule mkubwa wao akakuna shingo. Akawatuma watu karakana wazione kalibu za kumiminia shaba, nao wakazikuta bado zina majivu. Akatolewa kabla ya saa nane. Alinipa mkono. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa ahsante, akaondoka.

Tuliporudi uliushika mkono wangu barabarani, mwanamke mzima wa miaka kumi na minane, ukasema, "Baba, leo ndiyo mara ya kwanza nimekusikia." Hukusema umenielewa. Ulisema umenisikia. Kisha ukaongeza, "Yeye alinionea haya mimi, lakini wewe hukumwonea haya yeye."

Palepale ningesema. Barabara ilikuwa tupu, jua lilikuwa kichwani, na kinywa changu hakijawahi kukosa maneno. Nikayachagua manne. "Watu ndivyo walivyo, mwanangu."

Umri wako wote nilikuwa nikingoja unitazame vile. Nilipolipata lile jicho, sikuweza kulirudisha kwa mwenyewe, Masanja. Nimeishi nalo majuma matatu. Kila uliponikaribia na kikombe cha chai, kila uliponiuliza habari za chuo kikuu na zile meza za bwalo, nilikunywa, nilisimulia, na nilikuwa na wivu bado. Sasa nilikuwa namwonea wivu yule baba uliyemdhania, aliyekwenda kituoni kwa moyo safi.

Gari, kama ujuavyo, lilichukuliwa na Mzee Luhende, mkulima wa mpunga wa Magu. Hukuwepo siku ile, na sikukusimulia yote. Alilizunguka mara mbili, kofia mkononi.

"Linapanda mlima?"

"Linapanda, mzee."

"Na hivi vyuma visivyofanana vimetoka wapi?"

Nikasita. Nikamwambia, "Mirongo."

"Afadhali," akasema. "Kikivunjika sitakwenda Ulaya."

Nililala na jibu lile siku kadhaa. Bwana wa mradi alikuwa amesema gari lile si lenyewe tena, na mimi moyoni nilikubaliana naye. Niliona mmelichukua gari la Taata mkalifanya la kwenu. Lakini nikianza kukagua hivyo, nitaishia wapi? Chukua hotuba zangu. Fungua boneti. Lile neno limetoka kwenye kijitabu cha watu wa mbali, na hili kwenye kitabu kingine, na ule mkono nilioupunga niliuona kwa mhadhiri aliyepita mwaka mmoja. Vipuri vya kiwandani vitupu, vyote halisi, vyote vimeletwa na meli. Sikuchonga hata bushi moja. Masanja hawezi kulitamka neno kujitegemea bila kuona haya, na ndiye aliyelifanya kwa patasi, mbele ya mwanangu, likizo baada ya likizo. Hilo ndilo lililoniuma, Koku. Si kwamba alikuchukua. Ni kwamba alikuwa yule niliyesema mimi ndiye.

Leo asubuhi nilikwenda Mirongo. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na utangulizi. Alikuwa ameshika gurudumu la baiskeli ya padri, hakusimama.

"Fundi, nimekuja na jambo zito—"

"Ni wewe uliyekwangua," akasema.

Nikakaa kwenye tairi.

"Umejuaje?"

"Fundi husukuma tupa, Mwalimu. Akiirudisha anainyanyua. Pale palikwanguliwa kwenda na kurudi kama mtu anayepiga mswaki. Nilipoonyeshwa ule mfuniko kituoni nikajua si fundi. Binti anajua tupa. Mama yake hana ugomvi na mimi. Nani amebaki? Kuku?"

"Na hukusema?"

"Niseme, halafu nani aje kunitoa? Nilikuwa nakungoja wewe. Nilijua utakuja na hotuba." Akazungusha gurudumu, akalisikiliza. "Hotuba ilikuwa nzuri lakini."

Nilimwomba radhi. Akalitua gurudumu, akasema, na hapo sauti yake haikuwa na mzaha: "Kulala ndani nimesahau. Mtoto alipita barabara ile pale, Jumanne iliyopita, hakunisalimia. Miaka minne, Mwalimu. Amepita kama anapita duka lililofungwa. Ningefanyaje? Nimkimbilie na vidole hivi nimwambie, si mimi, ni baba yako?"

Nikasema nitakuleta kesho nikueleze mbele yake.

"Usimlete," akasema. "Mwambie, halafu aje mwenyewe. Akija na wewe atakutazama wewe."

Nimetembea kutoka Mirongo hadi Pasiansi kwa miguu nikilitafakari hilo, na sijui kama alikuwa akinionea huruma au alikuwa akinifukuza. Labda na yeye ana wivu wake. Ningefurahi kujua hivyo, na tazama jinsi nilivyo: hata leo, siku ya kukiri, ninatafuta kwake dosari ya kuifurahia.

Sitaki uende na fundisho. Umekulia katika nyumba yenye mafundisho mengi kuliko viti. Nakuomba tu usinitetee. Utajaribu, unampenda mtu aliyekwenda kituoni. Alikwenda kweli, nami sitamkana. Lakini mtu yuleyule alikuwa na tupa Ijumaa, na ukituchukua, tuchukue wote wawili. Na yale majuma matatu uliyompita Masanja bila salamu, usijilaumu kwayo hata siku moja. Ni yangu. Nilikukopesha hasira isiyo yako, nikakuacha utembee nayo mjini.

Barua hii nilitaka kuitia ndani ya sanduku, chini ya magauni. Nimeitia na kuitoa mara mbili. Mle ndani ungeikuta treni ikiwa imekwisha kupita Shinyanga, Mirongo ikiwa nyuma yako, nami ningekuwa nimekiri na bado ningekuwa nimeshinda. Nimeiweka kitandani, juu ya mto wako, huwezi kulala bila kuisogeza.

Treni ni ya jioni. Asubuhi nzima ni yako. Nenda Mirongo mapema kabla wateja hawajajaa, na kaa kadiri utakavyo. Nenda peke yako. Mama yako akiuliza, nitamwambia mimi mwenyewe. Hiyo pia ni zamu yangu. Mimi nitakuwa hapa, nikijua mko wote wawili kwenye lile benchi, mnacheka jambo ambalo hutanisimulia. Nitaona wivu, Koku. Nitaona wivu mwingi sana. Na sitakuja kukuita.

Ni mimi,
Baba yako